Watafiti wetu ugenini wanakatwa kodi ambayo wenzao hawakatwi, na Kinshasa inanyamaza

Tuchukue watafiti wawili katika maabara moja ya chuo kikuu cha Marekani. Wote wana udaktari, wote wameingia kwa viza ya J-1, wote wanalipwa dolari 60 000 kwa mwaka. Mmoja ametoka China, mwingine ametoka Lubumbashi. Mchina anaweza kupokea mshahara wake bila kukatwa kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani kwa miaka 3. Mkongomani anakatwa tangu mwezi wa kwanza. Kwa viwango vya mwaka 2024, mgeni asiye na ndoa, ambaye sheria haimpi lile punguzo la kawaida wanalopewa wakaaji wa Marekani, anadaiwa karibu dolari 8 250 juu ya mshahara huo. Kwa miaka 2 ni zaidi ya dolari 16 000, na hapo hatujagusa kodi ya jimbo.

Kila familia yenye mtoto ng'ambo inajua dolari 16 000 ni nini. Ni karo za wadogo zake. Ni nyumba ya bati inayoanza kujengwa Kasapa, au matibabu ya mzee. Kwa mtafiti mwenyewe ni vifaa ambavyo angeweza kurudi navyo kwenye maabara ambayo darubini yake imeharibika tangu zamani.

Huyu Mkongomani hakuonewa na mtu. Sekretari wa malipo wa chuo amefuata sheria. Tofauti imetoka kwenye karatasi moja: mkataba wa kuzuia kodi mara mbili ambao Marekani na China walitia saini mwaka 1984. Kifungu chake cha 19 kinasema kwamba mkaaji wa China anayekwenda Marekani kwa muda ili kufundisha au kufanya utafiti chuoni anasamehewa kodi juu ya malipo ya kazi hiyo kwa muda usiozidi miaka 3. Mmarekani anayekwenda kufundisha Beijing anapata haki hiyohiyo. Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo haina mkataba wa namna hiyo na Marekani.

Tuliwahi kuwa na kitu. Mkataba wa kodi kati ya Ubelgiji na Marekani wa mwaka 1948 ulipanuliwa mwishoni mwa ukoloni ukafika Congo na Ruanda-Urundi. Baada ya uhuru uliendelea kuishi kwenye makaratasi, mpaka Washington ilipoukomesha kwa Zaire, Rwanda na Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na mikataba mingine iliyorithiwa na nchi zilizokuwa makoloni. Tangu hapo miaka 40 imepita, na pengo limebaki pengo.

Kwa Afrika nzima Marekani ina mikataba ya kodi ya mapato na nchi 4 tu: Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini. Na kuwa na mkataba hakutoshi. Kati ya hizo 4, ni Misri peke yake ambayo mkataba wake una kifungu cha walimu na watafiti, kwa miaka 2. Moroko na Tunisia wana kitu kwa wanafunzi, lakini profesa wao akienda kufanya utafiti Chicago anakatwa kama wetu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema “Congo isaini mkataba na Marekani na mambo yatakwisha”, namuuliza: mkataba upi, wenye vifungu gani?

Tena, mkataba na Marekani si jambo la kesho. Ni lazima upite kwenye Seneti yao kwa thuluthi mbili za kura. Chile ilitia saini wake mwaka 2010, ukaanza kufanya kazi Desemba 2023. Miaka 13, kwa nchi isiyokuwa na vita. Asistanti anayeanza udaktari leo UNILU akisubiri muda kama huo atakuwa amekwisha kuwa profesa.

Kuna jambo ambalo watafiti wengi wa kwetu hawalijui, na kutolijua kunawagharimu pesa. Katika mikataba mingi ya aina hii, kinachoangaliwa si pasipoti, ni makao. Swali ni: siku ulipoingia Marekani, ulikuwa mkaaji wa nchi gani kwa upande wa kodi? Sasa fikiri njia ya kawaida ya mwanasayansi wa kwetu. Anamaliza licence Kinshasa, Kisangani, Bukavu au Lubumbashi. Anapata burse ya Ubelgiji, kwa sababu vyuo vyetu vina ushirikiano wa miaka mingi na vyuo vya kule. Anafanya udaktari Leuven, Ghent, Liège au Louvain-la-Neuve, anakaa miaka 4 au 5, anaandikwa komini, anakuwa mkaaji. Kisha anaitwa Marekani kwa kazi ya utafiti baada ya udaktari. Akitoka Ubelgiji moja kwa moja, mkataba wa Ubelgiji na Marekani uliotiwa saini mwaka 2006 unaweza kumfunika: una kifungu cha walimu na watafiti, miaka 2, kwa yule aliyekuwa mkaaji wa Ubelgiji alipofika, mradi utafiti wake uwe wa faida ya watu wote na si wa kumtajirisha mtu binafsi. Pasipoti yake ya Congo haimzuii.

Lakini mwenzake mwenye vyeti vilevile, aliyerudi nyumbani kwanza, akafundisha mwaka mmoja Goma au Kananga kama tunavyowaomba wafanye, halafu akaondoka kwenda Marekani akiwa mkaaji wa Congo, hapati kitu. Yule aliyetusikiliza tuliposema “rudini mjenge nchi” ndiye anayelipa. Sifikirii kama kuna mtu Kinshasa aliyekaa akapanga hivyo, lakini ndivyo hesabu inavyotoka.

Haki hiyo haiji yenyewe. Mtafiti anatakiwa kujaza fomu 8233 na kuambatanisha barua inayotaja kifungu cha mkataba, anaipeleka kwenye ofisi ya malipo ya chuo, nayo inapelekwa kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS. Inajazwa upya kila mwaka. Asipoijaza, chuo kinakata kodi kama kawaida, na atalazimika kudai arudishiwe mwisho wa mwaka kwa tangazo la kodi la wasio wakaaji. Dirisha la kudai ni miaka 3 kwa kawaida. Wapo watu waliokatwa kodi ambayo hawakupaswa kukatwa, miaka ikapita, dirisha likafungwa. Na majimbo mengine, California ikiwemo, hayatambui msamaha wa mkataba: serikali kuu inakuachilia, jimbo linakukata.

Halafu kuna mtego. Mikataba ya Marekani na Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na India inasamehe kodi miaka 2, lakini ziara ikizidi miaka hiyo, msamaha unaanguka wote, tangu siku ya kwanza. Si kwamba unaanza kulipa mwezi wa 25. Unadaiwa na ile miezi 24 iliyokwisha pita, pesa ambayo umekwisha kula. Mkongomani aliyesoma Ujerumani, akaingia Marekani kwa mkataba wa Ujerumani, mkubwa wake wa maabara akamwongezea mkataba wa kazi miezi 6 kwa nia njema, anaweza kujikuta na deni la dolari zaidi ya 16 000 kwa sababu ya ile miezi 6. Mkataba wa Uholanzi unaacha mlango mdogo, mamlaka za nchi mbili zikikubaliana, ila nani kati yetu ana mtu wa kumpigia simu kwenye hizo mamlaka mbili?

Na mikataba inakufa pia. Hungaria ilikuwa na kifungu cha walimu na watafiti. Marekani ikavunja mkataba mzima, na tangu Januari 2024 hakuna tena. Watafiti hawakuwa sababu ya ugomvi ule, ulikuwa wa kodi za makampuni. Walipigwa na jiwe lililorushwa kwa mwingine.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu uko na una nguvu. Kwa nini mtafiti asilipe kodi? Mama wa kwetu anayefagia hospitali Paris analipa. Dereva wa lori wa kwetu anayevuka Kasumbalesa analipa kila kizuizi, hata visivyo vya sheria. Profesa mwenye mshahara wa dolari 60 000 amekuwa maskini lini? Jibu langu ni kwamba kifungu hiki hakikutungwa kwa huruma. Kilitungwa kwa sababu ziara ya mwaka mmoja au miwili inamweka mtu katikati ya nchi mbili, bado ana nyumba na familia alikotoka, na serikali zilitaka wasomi wazunguke bila kuogopa makaratasi. Shirika la OECD halina kifungu cha walimu katika kielelezo chake cha mkataba, lina cha wanafunzi tu. Nchi zinazokitaka zinakiandika zenyewe. Hivyo ni suala la kujadiliana. Aliyekaa mezani akakiomba, amekipata.

Nani anakaa mezani kwa niaba yetu? Mikataba ya kodi ya Congo ambayo imefanya kazi kwa miaka mingi ni ule wa Afrika Kusini, uliotiwa saini 2005, na ule wa Ubelgiji wa 2007. Ukiangalia nchi hizo unaelewa mazungumzo yalihusu nini: makampuni, madini, benki, faida inayotoka na kodi inayobaki. Sio vibaya. Ndiyo pesa kubwa. Ila watafiti hawana shirika la waajiri linalowasukumia kifungu chao.

Kisha kuna Rwanda. Tarehe 26 Juni 2021, Tshisekedi na Kagame walikutana Goma, na kati ya makubaliano yaliyotiwa saini siku ile kulikuwa na mkataba wa kuzuia kodi mara mbili. Mwaka mmoja baadaye, M23 wakiwa wamechukua Bunagana, Baraza kuu la ulinzi liliomba mikataba na Rwanda isimamishwe. Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka. Sidai kwamba mtafiti wa UNIGOM leo anawaza kodi. Anawaza mshahara unapitia benki gani wakati benki zimefungwa. Nautaja mkataba ule kwa sababu unaonyesha kwamba serikali yetu inajua kusaini makaratasi haya haraka inapotaka.

Kwa upande wa Afrika Mashariki tumeingia jumuiya mwaka 2022. Jumuiya ilikuwa na makubaliano yake ya kuzuia kodi mara mbili tangu mwaka 2010, lakini hayajaanza kutumika kwa sababu nchi zote hazikuyaridhia. Watu wetu wa Kivu na Ituri wanasoma na kufundisha Makerere, Nairobi, Dar es Salaam. Kiswahili chao kinawapeleka huko kabla ya Kifaransa kuwapeleka Paris. Hapo ndipo kifungu cha watafiti kingetusaidia wengi zaidi kuliko Marekani, na ndipo sauti ya Congo ina uzito, kwa sababu tuko ndani.

Lakini niseme wazi: nisingependa Congo isaini mkataba wa kodi na nchi tajiri kwa ajili ya watafiti peke yao. Bei ni kubwa mno. Mkataba wa kodi ni kifurushi. Ndani yake mnakubaliana pia kupunguza kodi mnayokata kwenye faida na riba zinazotoka nje. Nchi yenye makampuni mengi ya wageni na isiyokuwa na makampuni yake ng'ambo ndiyo inayoachia zaidi. Kuokoa dolari 8 000 za mtafiti mmoja na kupoteza mamilioni kwenye faida ya mgodi mmoja wa Kolwezi, hiyo si biashara. Tangu 2025 Kinshasa na Washington wanazungumza kobalti, shaba na usalama. Kama mazungumzo hayo yatafika siku moja kwenye kodi, nataka wawakilishi wetu wajue kwamba kifungu cha watafiti ni kidogo kwa Marekani na si kidogo kwetu, wakidai kama nyongeza, wasikubali kiuzwe kama zawadi ya kufidia kitu kingine.

Tena mkataba si njia pekee. Ubelgiji inaonyesha njia nyingine. Burse ya udaktari inayotolewa na vyuo vyao vinavyotambuliwa haikatwi kodi ya mapato, ingawa michango ya usalama wa kijamii inakatwa. Mkongomani anaipata sawasawa na Mchina au Mbrazili, kwa sababu inatoka kwenye sheria ya Ubelgiji yenyewe, haikuulizwa nchi yako imesaini nini. Tangu Januari 2022 wameongeza utaratibu wa pekee kwa watafiti wanaoajiriwa kutoka nje: sehemu ya malipo, 30% wakati ulipoanzishwa, inaweza kuhesabiwa kuwa gharama za mwajiri na isitozwe kodi, kwa miaka 5 inayoweza kuongezwa 3. Mwajiri ndiye anayepeleka ombi, na kwa muda mfupi sana tangu siku ya kuanza kazi, miezi 3. Mtu akichelewa, basi. Namna hii naiona ya haki zaidi kuliko mkataba. Haimpimi mtu kwa nguvu ya serikali yake.

Na sisi wenyewe tunawapokeaje wanaokuja? Hapa aibu kidogo. Sheria ya mwaka 1969 iliweka kodi ya pekee juu ya mishahara ya wageni, IERE, anayoilipa mwajiri, na kwa miaka mingi imekuwa 25%. Ilikusudiwa kuyalazimisha makampuni yaajiri Wakongomani, na kwa makampuni ina maana. Kwa chuo kinachotafuta mwalimu wa takwimu au wa magonjwa ya mimea ambaye hatuna, ni robo ya mshahara juu ya mshahara. Tukienda kuomba wenzetu wawasamehe watafiti wetu, watatuuliza tunafanya nini na wa kwao. Sheria ya fedha ya mwaka mmoja inaweza kuwaondoa walimu na watafiti wa muda mfupi kwenye kodi hiyo bila kuhitaji saini ya nchi yoyote.

Maneno yenyewe ya kifungu nayo ni ya kuangaliwa. Vifungu vingine vinataja chuo kikuu, koleji na shule, vinaishia hapo. INRB, ambako kazi ya Ebola ya profesa Muyembe imefanyika, si chuo kikuu. INERA ya Yangambi si chuo kikuu. Kwenye nchi ambayo sehemu kubwa ya sayansi yake inafanyika kwenye taasisi za serikali nje ya vyuo, kifungu kinachosahau “taasisi ya utafiti” kinasahau watu wetu walio bora. Na kile kipengele cha kurudisha deni nyuma tusikikubali kamwe, hata kikiletwa kama maneno ya kawaida ya kielelezo.

Wizara ya Elimu ya Juu na DGI wanaweza kufanya jambo moja bila kusubiri bunge: kuandika ukurasa mmoja, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu 4 za taifa, wa kumpa kila asistanti na CT anayeomba ruhusa ya kwenda nje. Nchi zipi zina mkataba nasi. Mkaaji ni nani. Fomu ipi, kwa nani, kabla ya lini. Hiyo haihitaji bajeti, inahitaji mtu wa kukaa kwenye mashine siku mbili.

Wanaoondoka mwaka huu wa masomo wasisubiri ukurasa huo. Kabla ya kusaini, ulizeni ofisi ya malipo ya chuo mnachokwenda mambo 4: je, malipo yangu yanaitwa mshahara au burse, kwa sababu kodi zake hazifanani, je, nchi ninayotoka sasa, si ile ya pasipoti, ina mkataba nanyi, je, mkataba huo una kipengele cha kurudisha deni nyuma, na je, jimbo lenu linautambua. Majibu yawe kwa maandishi. Na anayefunikwa na mkataba wa Ujerumani, Uholanzi, Uingereza au India, aandike kwenye kalenda tarehe aliyoingia Marekani, ile iliyo kwenye rekodi yake ya kuingia, kwa sababu miezi 24 inahesabiwa kutoka hapo, si kutoka siku mshahara wa kwanza ulipoingia.